NANI AWAHESABU MASKINI? HISTORIA YA WAKAZI WA MABANDA WA BOMBAY NA SWALI LAKE KWA KANISA

1. Utangulizi

Kila mchungaji wa usharika hutakiwa kujaza taarifa ya mwaka. Humo huandikwa idadi ya Wakristo, waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliofunga ndoa, waliofariki, na fedha zilizotolewa. Tulipokuwa tukiutumikia usharika mmoja wa mjini, tulijaza taarifa hiyo kwa miaka kadhaa bila wasiwasi wowote. Siku moja mzee wa kanisa alituuliza kwa nini watu wa bondeni, nyuma ya kanisa letu, hawamo katika daftari, ingawa baadhi yao husikika wakiimba nje ya madirisha wakati wa ibada. Tulimjibu ya kwamba hawana bahasha za ahadi, na asiye na bahasha hana namba. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa utaratibu wa ofisi. Lakini tangu siku ile limekuwa likitusumbua, kwa maana tulitambua kwamba sisi wenyewe ndio tulioamua nani ahesabiwe na nani asihesabiwe.

Katika kulitafakari jambo hilo tumejikuta tukisoma historia ya mji wa Bombay nchini India, ambao tangu mwaka 1995 huitwa rasmi Mumbai. Katika makala haya tutatumia jina la zamani tunaposimulia mambo ya zamani. Tumeuchagua mji huo kwa sababu huko swali la kuhesabiwa kwa maskini limeulizwa waziwazi kwa muda mrefu: na serikali, na mahakama, na hatimaye na maskini wenyewe. Aidha, jibu walilolitoa maskini wa Bombay limevuka bahari na kufika hata kwetu, kama tutakavyoona.

Hoja yetu ni hii: tumaini la wakazi wa mabanda wa Bombay halikutokana na uvumilivu peke yake, wala na huruma ya wenye mamlaka. Lilianza kupata nguvu pale watu waliohesabiwa na wengine walipoanza kujihesabu wenyewe. Hata hivyo, hatutaki kuwapamba maskini wala kudai kwamba ukosefu wa usawa umekwisha. Haukwisha. Ndiyo maana historia hii inatuhusu sisi tulioitwa kuhubiri tumaini.

2. Mji uliojengwa na watu wasio na makao

Hapo mwanzo Bombay ilikuwa visiwa saba, na wenyeji wake wa kale ni pamoja na wavuvi waitwao Wakoli. Mwaka 1661, katika mapatano ya ndoa ya mfalme Charles wa Pili wa Uingereza na binti wa mfalme wa Ureno, Wareno waliitoa Bombay kuwa sehemu ya mali aliyokuja nayo bibi harusi. Mwaka 1668 mfalme aliikodisha kwa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki kwa kodi ya paundi 10 kwa mwaka. Hivyo, tangu awali, ardhi ya mji huo iligawiwa katika mikataba ya watu walioishi mbali, bila kuulizwa wale walioikalia.

Ukuaji mkubwa ulitokea katika karne ya 19. Mwaka 1853 reli ya kwanza ya abiria nchini India ilifunguliwa kutoka Bombay hadi Thane, mwendo wa kilometa 34 hivi. Mwaka uliofuata Cowasji Nanabhai Davar alianzisha kampuni ya kwanza ya kiwanda cha kusokota pamba mjini humo. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, viliwazuia Waingereza wasipate pamba ya Marekani, na bei ya pamba ya India ikapanda sana. Vita vilipokwisha, bei ilianguka na matajiri wengi wakafilisika, lakini viwanda viliendelea kuongezeka.

Viwanda vilihitaji mikono. Watu walikuja kutoka pwani ya Konkan na kutoka nyanda za Deccan, wakikimbia njaa, madeni na uhaba wa ardhi. Waliwekwa katika majengo yaitwayo chawl, yaani majengo ya ghorofa kadhaa ambamo kila familia ilipewa chumba kimoja kando ya ukumbi mrefu, na vyoo vilikuwa vya shirika. Waliokosa hata chumba hicho walijenga vibanda vya makuti na mabati kando ya kuta za viwanda. Tangu mwanzo, basi, vibanda vilikuwa sehemu ya uchumi wa mji. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba mfanyakazi hakuweza kulipa kodi ya nyumba, na kibanda ndicho kilichouwezesha mshahara huo kubaki mdogo.

Mwaka 1896 tauni iliingia mjini. Watu wengi walikufa, na wengine wengi walikimbilia vijijini. Serikali ya kikoloni iliona kwamba ugonjwa uliotoka katika vyumba vya maskini ungeweza kuwafikia wote, na kuharibu biashara. Kwa hiyo mwaka 1898 iliundwa Bodi ya Kuuboresha Mji wa Bombay, ambayo kazi yake ilikuwa kufungua barabara pana, kukausha mabwawa na kujenga nyumba safi kwa ajili ya maskini. Katika miaka yake ya kwanza bodi hiyo ilibomoa vyumba vingi kuliko ilivyojenga. Waliobomolewa hawakutoweka, walihamia mitaa ya jirani na kuizidisha msongamano. Mwenendo huo umejirudia mara nyingi baadaye: kibanda kinabomolewa kwa jina la afya na uzuri wa mji, na mwenye kibanda anakwenda kujenga kingine mahali pabaya zaidi.

3. Chumba cha Parel: tabaka na umaskini

Mmojawapo wa majengo yaliyojengwa na bodi hiyo yako sehemu ya Parel. Humo aliishi kwa miaka mingi Bhimrao Ramji Ambedkar (1891-1956), aliyezaliwa katika jamii ya Wamahar, mojawapo ya jamii zilizohesabiwa na mfumo wa matabaka ya Kihindu kuwa ni za watu wasioguswa. Ambedkar alisoma New York na London, akawa mwanasheria, na baada ya uhuru wa mwaka 1947 akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Katiba hiyo ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Kifungu chake cha 17 kilifuta desturi ya kuwatenga watu kama wasioguswa, na kifungu cha 21 kililinda uhai na uhuru wa kila mtu. Tutakirudia kifungu hicho cha 21 hapo mbele.

Tunamtaja Ambedkar kwa sababu mtu hawezi kuufahamu umaskini wa miji ya India akiyasahau matabaka ya kuzaliwa. Wengi walitumaini kwamba mjini, ambako mtu hajulikani, tabaka lingeyeyuka. Kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo, kwa maana katika treni hakuna awezaye kuchagua wa kusongamana naye. Lakini kazi ya kufagia njia, kuzibua mitaro ya kinyesi na kushughulika na ngozi za wanyama iliendelea kuachiwa watu walewale, ambao leo hujiita Wadalit, maana yake waliovunjwa au waliopondwa. Mkoba wa tabaka ulipandishwa treni pamoja na mwenyewe.

Hapa Kanisa nalo linaguswa. Kwa agizo la Rais la mwaka 1950, haki maalum za jamii zilizotengwa zilitolewa kwa Wahindu tu. Baadaye ziliongezwa kwa Masingasinga mwaka 1956 na kwa Wabudha mwaka 1990. Mdalit Mkristo hakuingizwa. Akibatizwa hatoki katika unyonge wake, kwa kuwa jirani zake na mwajiri wake humtendea kama walivyomtendea jana; bali hutoka katika orodha ya wanaosaidiwa. Na mara nyingi ndani ya Kanisa lenyewe amekutana na viti na makaburi yaliyotengwa kwa tabaka. Hivyo amekosa kuhesabiwa mara mbili.

4. Dharavi

Mtaa wa mabanda unaojulikana zaidi katika mji huo ni Dharavi. Ulikuwa kijiji cha Wakoli kando ya mkondo wa bahari wa Mahim. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya kutengeneza ngozi, ambavyo harufu yake haikutakiwa katikati ya mji, vilisogezwa huko, navyo vikawavuta Waislamu wa Kitamil kutoka kusini. Wafinyanzi kutoka Saurashtra, katika Gujarat ya leo, walihamishiwa huko pia, na mtaa wao, Kumbharwada, upo hata sasa na tanuri zake. Baadaye walikuja mafundi wa kutarizi na washonaji kutoka kaskazini. Wakazi wenyewe waliijaza matope na takataka ile sehemu ya kinamasi mpaka ikawa nchi kavu ya kujengea.

Hili tunataka wanafunzi wetu walishike. Ardhi ya Dharavi, ambayo leo ni ya thamani kubwa kwa kuwa iko katikati ya mji, ilifanywa kuwa ardhi na maskini. Eneo lake halizidi sana kilometa mraba 2, na makadirio ya idadi ya watu hutofautiana kati ya laki sita na milioni moja. Huko watu hufua, hushona, huchambua plastiki ya mji mzima, hutengeneza mikoba na vyungu. Ni mahali pa kazi na pa makao kwa pamoja. Lakini pia ni mahali ambapo mamia ya watu wamelazimika kushiriki choo kimoja, na ambapo mvua za masika huingiza maji machafu hadi kitandani. Hatuna ruhusa ya kusifu bidii ya watu hao na kunyamaza juu ya maji hayo.

Wala umaskini haukuwafanya wawe wamoja daima. Baada ya kubomolewa kwa msikiti wa Babri katika mji wa Ayodhya, Desemba 1992, machafuko kati ya Wahindu na Waislamu yaliikumba Bombay hadi Januari 1993, na watu wapatao 900 waliuawa. Dharavi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Watu waliochota maji katika bomba moja walichomeana nyumba. Tumaini tunalolizungumzia lilihitaji kukua katika udongo huo.

5. Hesabu ya serikali

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, sera ya serikali ilikuwa kubomoa. Mwaka 1971 jimbo la Maharashtra lilipitisha sheria ya maeneo ya mabanda, iliyoruhusu pia kuyaboresha kwa kuyapelekea maji, vyoo na taa. Mnamo Januari 1976 vibanda vilivyokuwa katika ardhi ya umma mjini Bombay viliandikishwa, na wenye kaya wakapewa vitambulisho vyenye picha. Kwa mara ya kwanza maskini alikuwa na karatasi inayosema kwamba yupo.

Lakini karatasi hiyo ilikuwa na makali pande mbili. Aliyeandikwa alikuwa na haki ya kupewa mahali pengine akibomolewa. Asiyeandikwa hakuwa na haki yoyote. Aliyekuwa kazini siku ya kuandikishwa, aliyefika mwezi uliofuata, na wengi wa wale waliolala kando ya njia, walibaki nje. Tangu hapo historia ya mji huo imekuwa historia ya tarehe za mwisho: 1976, kisha 1985, kisha 1995, kisha 2000. Kila tarehe iliwaingiza wengi na kuwafungia wengine mlango.

Na hata aliyeandikwa hakuwa salama. India ilikuwa wakati huo chini ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Juni 1975 na kudumu hadi Machi 1977. Katika sehemu ya Trombay kulikuwa na mtaa ulioitwa Janata Colony, wa watu wapatao 70,000, ambao mamlaka ya mji yenyewe ndiyo iliyowapeleka huko miaka ya nyuma. Kituo cha utafiti wa nguvu za atomiki kilichokuwa jirani kiliitaka ardhi hiyo. Wakazi walikwenda mahakamani, wakaandamana, wakapeleka maombi hadi Delhi. Mnamo Mei 1976 mtaa wote ulibomolewa, na watu wakahamishiwa mahali paitwapo Cheeta Camp.

Kiongozi wa upinzani huo alikuwa kijana Jockin Arputham, aliyezaliwa katika machimbo ya dhahabu ya Kolar, kusini mwa India, na kuja Bombay akiwa hana kitu. Alifanya kazi ya useremala na kulala nje. Katikati ya miaka ya 1970 alianzisha pamoja na wenzake Shirikisho la Kitaifa la Wakazi wa Mabanda. Kushindwa kwa Janata Colony kulimfundisha kwamba maandamano na kesi, ingawa ni vya lazima, haviwezi kumlinda mtu ambaye serikali ina takwimu zake, na yeye mwenyewe hana.

6. Mahakama na haki ya kuishi

Julai 1981 waziri mkuu wa jimbo, A. R. Antulay, aliagiza watu waliolala kando ya njia waondolewe na kurudishwa walikotoka, katikati ya mvua za masika. Mwandishi wa habari Olga Tellis na wenzake, pamoja na wakazi wenyewe, walipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Juu kabisa ya India. Hukumu ilitolewa tarehe 10 Julai 1985, chini ya Jaji Mkuu Y. V. Chandrachud.

Mahakama ilisema jambo kubwa. Ilisema kwamba haki ya uhai iliyo katika kifungu cha 21 cha katiba ni pamoja na haki ya kujipatia riziki, kwa sababu mtu akinyang'anywa njia ya kupata riziki amenyang'anywa uhai wake. Watu hao, ilisema, hulala kando ya njia kwa sababu kazi yao iko karibu, na kuwaondoa ni kuwanyima kazi. Wanasheria wa nchi nyingi wameirejea hukumu hiyo.

Hata hivyo, mahakama hiyohiyo iliruhusu wabomolewe, mradi tu wapewe taarifa kwanza na mvua za masika ziishe. Ikaweka tarehe 31 Oktoba 1985 kuwa mwisho wa kusubiri. Walioandikishwa mwaka 1976 walitakiwa kupewa viwanja vingine. Wengine walipata haki iliyoandikwa vizuri, bila mahali pa kulala. Sisi Walutheri, tuliozoea kutofautisha sheria na Injili, twaweza kuliona hapa jambo tulijualo: sheria nzuri yaweza kutangaza lililo haki, na bado isimpe mtu uwezo wa kuipata.

7. Hesabu ya akina mama

Mwaka uliotangulia hukumu hiyo, yaani 1984, Sheela Patel na wenzake walikuwa wameanzisha shirika dogo liitwalo SPARC, lililofanya kazi na wanawake waliolala kando ya njia katika sehemu ya Byculla. Hukumu ilipotolewa, kila mtu alizungumza juu ya watu hao, lakini hapakuwa na aliyejua ni wangapi, wametoka wapi, wala wanaishije. Basi SPARC pamoja na wakazi wenyewe waliamua kuhesabu. Waliandika habari za kaya zipatazo 6,000, na mwaka 1985 wakatoa taarifa ambayo jina lake kwa lugha yetu lingekuwa "Sisi Tusioonekana".

Hesabu hiyo iliyapindua mengi yaliyosemwa. Ilionyesha kwamba watu hao hawakuwa wapita njia wala wahuni. Wengi walikuwa wamekaa palepale kwa miaka mingi. Walikuwa wafanyakazi waliokwenda kazini kwa miguu kwa sababu hawakuwa na nauli. Walitoka katika wilaya maskini kuliko zote za nchi. Lakini tunadhani tunda lake kubwa lilikuwa jingine. Mwanamke aliyemwuliza jirani yake maswali hayo aligundua kwamba shida aliyoidhani ni aibu yake binafsi ilikuwa shida ya mtaa mzima.

Mwaka 1986 wanawake hao waliunda umoja wao, Mahila Milan, yaani wanawake pamoja, na mwaka uliofuata SPARC, Mahila Milan na shirikisho la Arputham viliungana kufanya kazi kama kitu kimoja. Kazi yao ya kila siku ilikuwa ndogo machoni pa wakubwa. Mwanamke mmoja alipita kila kibanda kukusanya sarafu za akiba. Aliyeuguliwa alikopeshwa bila kwenda kwa wakopeshaji wa riba. Aliyekusanya sarafu alijua pia nani hakula jana, nani amepigwa na mumewe, na nani amefukuzwa kazi. Wanawake hao walisanifu hata nyumba walizozitaka, wakipima kwa sari zao, na kujenga mifano yake ili majirani waingie na kusema kama inafaa. Walitaka chumba chenye kimo cha futi 14, ili juu pawekwe dari ya kulalia. Hapakuwa na mhandisi aliyewafundisha jambo hilo. Walilijua kutokana na maisha yao.

8. Matunda na mipaka yake

Matunda yalionekana. Kati ya 1999 na 2001, serikali ilipotaka kupanua reli za mji, maelfu ya familia walikuwa wakiishi hatua chache tu kutoka kwenye vyuma vya reli. Mapema mwaka 2000 mamlaka ya reli ilianza kubomoa kwa nguvu, lakini shirikisho lilikuwa na orodha ya kila kibanda, na ubomoaji ukasimamishwa. Watu wapatao 60,000 walihama kwa utaratibu waliouongoza wenyewe, bila kulazimishwa, na wengi walivibomoa vibanda vyao kwa mikono yao. Mwaka 2000 Arputham alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay. Alifariki Oktoba 2018.

Lakini mwanahistoria mwaminifu hana budi kuonyesha upande wa pili. Baadhi ya waliohamishwa katika mradi huo wa reli na barabara walilalamika kwamba nyumba mpya ziko mbali na riziki, na mwaka 2004 malalamiko hayo yalifikishwa mbele ya jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Sera ya nyumba ya mwaka 1995, ambayo kwayo mjenzi hupewa ruhusa ya kujenga na kuuza ghorofa nyingi zaidi akiwapa wakazi wa zamani nyumba bure, iliwapa baadhi ya familia chumba cha futi mraba 225, na kuwapa wajenzi faida kubwa. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba watu zaidi ya milioni 65 nchini India, na asilimia 41 hivi ya wakazi wa Mumbai, waliishi katika mabanda. Sensa iliyotakiwa kufanyika 2021 iliahirishwa.

Ama Dharavi, mnamo Julai 2020 Shirika la Afya Duniani liliitaja kuwa mfano wa mahali palipofaulu kuzuia ugonjwa wa korona kwa ushirikiano wa jamii. Mwaka 2022 zabuni ya kuijenga upya ilishindwa na kampuni ya kundi la Adani, mojawapo ya makundi tajiri kuliko yote nchini. Katika mpango huo nyumba ya bure palepale Dharavi ni kwa ajili ya wale wawezao kuthibitisha kwamba walikuwapo kabla ya tarehe 1 Januari 2000. Kwa mara nyingine tena, swali ni nani amehesabiwa.

9. Swali kwa Kanisa

Biblia haina neno moja tu kuhusu kuhesabu watu. Katika 2 Samweli 24 Daudi anahesabu wanaume wa vita ili ajue nguvu zake, na hesabu hiyo inaleta tauni. Katika Luka 2 Kaisari Augusto anahesabu dunia yake, na mama mjamzito analazimika kusafiri. Lakini katika Kutoka 30 kila anayehesabiwa hutoa nusu shekeli. Tajiri haruhusiwi kuzidisha wala maskini kupunguza, ili wote wawe sawa mbele za Mungu. Na katika Luka 15 mchungaji anajua kwamba kondoo mmoja hayupo kwa sababu amewahesabu wote mia. Hakuwahesabu ili ajivunie tisini na tisa. Basi ipo hesabu ya mtawala, na ipo hesabu ya mchungaji. Ya kwanza huuliza, "Nina nguvu kiasi gani?" Ya pili huuliza, "Nani amekosekana?"

Ndugu zetu Walutheri wa India walilitambua jambo hili mapema. Katika chuo cha Gurukul mjini Madras, ambao sasa huitwa Chennai, Arvind P. Nirmal alifundisha teolojia ya Kidalit tangu miaka ya 1980. Aliitumia ile imani ya Israeli iliyo katika Kumbukumbu la Torati 26, ambamo mtu anaanza kwa kumkiri baba yake Mwarami asiye na makao, kisha anaueleza wokovu. Nirmal alisisitiza kwamba anayeondoa mwanzo huo wa aibu ameharibu na ushuhuda wote. Kwa maneno mengine, maskini hatakiwi kuuficha mtaa aliotoka ili aingie kanisani. Huko ndiko ukiri wake unakoanzia.

Wala urithi wetu wa Matengenezo haukunyamaza. Mwaka 1523 Luther aliandika dibaji ya utaratibu wa sanduku la pamoja la mji wa Leisnig, ambalo fedha zake zilitunzwa na kugawiwa wahitaji na watu waliochaguliwa na usharika wenyewe. Tukiulinganisha mfuko wa sarafu wa Byculla na sanduku la Leisnig, tunaona tofauti moja inayotufundisha: Leisnig usharika uliwawekea maskini, Byculla maskini walijiwekea. Je, diakonia yetu imewahi kuwaamini maskini kiasi hicho?

Kwetu jambo hili si la mbali. Mwaka 1996 mashirikisho ya wakazi wa mabanda ya India, Afrika Kusini na kwingineko yaliunda mtandao wa kimataifa, na mwaka huohuo Muungano wa Wanavijiji ulianza nchini Kenya. Hapa Tanzania kazi kama hiyo ilianza mwaka 2004. Wakazi wa Kurasini, Dar es Salaam, walipotakiwa kuhama kwa ajili ya upanuzi wa bandari, shirikisho lao lilijihesabu, likaweka akiba, na kununua ardhi ya kujenga huko Chamazi. Sarafu na daftari vya Byculla vilikuwa vimefika mwambao wetu. Hatujui ni wachungaji wangapi waliokuwa Dar es Salaam wakati huo waliotambua kwamba kilichotokea ni jambo la kiimani.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba maskini wa Bombay walihesabiwa ili wafukuzwe, wakahesabiwa ili wagawanywe kwa tarehe, na mwishowe wakajihesabu ili wasimame. Hesabu ya tatu haikuondoa ukosefu wa usawa; ilizaa watu wasiokubali tena kuitwa wapita njia katika mji walioujenga. Hilo ndilo tuwezalo kuliita tumaini bila kudanganya. Tumaini la Kikristo halipungukiwi likikutana na tumaini hilo, wala halilifuti. Kristo aliyezaliwa safarini wakati wa kuandikishwa, mahali pa kukopa, anajua maana ya kukosa nafasi.

Tuliondoka katika usharika ule kabla ya kulirekebisha daftari lake. Tunalikiri kosa hilo mbele ya wasomaji wetu, hasa wanafunzi watakaopelekwa katika sharika za mijini. Siku mtakapokabidhiwa daftari, msianze kwa kujumlisha majina yaliyomo. Tembeeni kwanza nyuma ya kanisa, pamoja na mzee mmoja na akina mama wawili wa mahali hapo, mkauulize mtaa wenyewe uwaambie ni nani wanaokaa humo. Kisha rudini mkaijaze taarifa ya mwaka.